Nilifumba Nisione

Benedicta Niyomugabo alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza katika shule moja ya msingi chini ya kilima cha Ngara mjini. Watu walimjua kwa mambo mawili: sauti yake, iliyofika mpaka barabarani alipowaimbisha watoto a, e, i, o, u, na kukosa kwake mtoto. Alipompata Ineza alikuwa amekwisha kata tamaa. Majirani walikuja na ndizi na maziwa, wakacheza uani mpaka vumbi likatimka.

Arobaini ya mtoto haikuwa imetimia. Asubuhi moja Benedicta aliinama kuokota beseni, akaanguka. Hospitali ya rufaa walisema ni kiharusi, tena kimepiga kwenye shina la ubongo. Daktari alimvuta pembeni mumewe, Celestini, akamwambia mkewe anasikia kila kitu na anaelewa kila kitu, ila mwili umefungwa wote. Kilichobaki kinacheza ni kope, na macho kwenda juu na chini tu.

"Mtaongea naye kwa hayo," daktari alisema. "Akifumba, ndiyo. Akitazama juu, hapana."

Celestini alikuwa na duka la vipuri vya bodaboda karibu na stendi. Alilifunga kwa miezi mingi. Alijifunza kumlisha mkewe uji kwa kijiko kidogo bila kumpalia, kumwogesha, kumgeuza usiku na mchana ili asipate vidonda vya mgongo. Hakupata hata kimoja. Kwenye jumuiya walimtaja kwa jina katika sala zao, na wanawake waliwaambia waume zao wakamtazame Celestini waone mwanaume alivyo.

Akawa mdomo wa mkewe. Wageni wakija kumjulia hali, Celestini alimwinamia, akamtazama machoni, kisha akainua kichwa. "Anasema asanteni kwa kuja." Au, "Anasema mwaka huu maharage yatakubali." Wageni walicheka kwa furaha na kuondoka wakisema Benedicta ni yule yule. Hakuna aliyejiuliza mtu mwenye ndiyo na hapana peke yake amewezaje kusema habari za maharage.

Ineza alipoanza kukaa, dada yake Celestini aliyeitwa Eustakia alikuja kutoka Biharamulo. Alikuwa ameolewa huko na hakujaliwa mtoto. Alifuatana na kaka yao mkubwa, mzee Privatus, mtendaji wa kata mstaafu, ambaye neno lake ndilo lililofunga vikao vyote vya ukoo. Walizungumza sebuleni, kisha wakaingia chumbani. Celestini akamwinamia mkewe na kumuuliza mbele yao kama anakubali mtoto akalelewe na shangazi yake.

Benedicta akafumba macho.

"Amekubali," Celestini alisema huku machozi yakimtoka, na Eustakia akaondoka na mtoto.

Mdogo wake Benedicta, Wiston, hakuwepo siku hiyo. Alikuwa Mwanza chuoni akisomea kompyuta. Wazazi wao walikwisha fariki, na Benedicta ndiye aliyemlea. Aliporudi Ngara na cheti chake, kazi hakupata. Akafungua kibanda cha kutengeneza simu pale stendi. Kila jioni alikwenda kukaa na dada yake, na kila jioni alimwona akitazama juu, juu, juu, hapana, hapana, hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza kitu.

"Shemeji," alimwambia Celestini siku moja, "wenzetu wana mashine za kufuata macho. Mgonjwa anaandika kwa kutazama tu."

"Sisi tutaipata wapi mashine kama hiyo?"

"Hatuipati. Lakini nadhani kamera ya simu ya kawaida inatosha, kama ikifundishwa."

"Ifundishe basi," Celestini alijibu bila kusita. "Kama kuna namna, ifundishe."

Wiston alianza na programu aliyoikuta mtandaoni, ya bure. Ilikuwa imejifunza kutoka kwenye maelfu ya picha za nyuso, kila picha ikiambatana na maelezo kwamba macho haya yanatazama pale, mpaka yenyewe ikazoea kukisia. Ila nyuso zile zilikuwa za watu waliokaa kwenye vyumba vyenye mwanga, watu wa mbali, wanaotazama kushoto na kulia. Chumbani kwa Benedicta, penye dirisha dogo na ukuta wa matofali mabichi, programu haikuona kitu. Kivuli cha kope ilikiita jicho lililofumbwa.

Ikabidi akusanye macho ya kwao. Aliwaomba madereva wa bodaboda, wauza ndizi sokoni, mafundi cherehani, wafuate kwa macho kidoa kilichopanda na kushuka kwenye kioo cha simu, juani na ndani ya stoo zenye giza. Aliwapa soda. Wengine walikataa wakisema ni mambo ya Freemason. Kisha akamrekodi Benedicta mwenyewe, asubuhi baada ya asubuhi, mpaka dada yake akawa anaanza kutazama juu kabla hajaambiwa. Alikodi kompyuta kubwa za mbali kwa njia ya intaneti ili zimfanyie yale mahesabu ambayo kompyuta yake ndogo isingeyaweza, akaipa programu vyote hivyo iendelee kujifunza.

Mwishowe alisimamisha simu kwenye kigoda mbele ya uso wa dada yake, na pembeni yake kompyuta. Herufi zilipangwa kwa mistari. Mwanga mdogo ulishuka mstari kwa mstari. Benedicta akitazama juu, mwanga ulisimama pale, ukaanza kupita herufi moja moja. Akitazama juu tena, herufi ilikwenda kuandikwa.

Siku ya kwanza aliandika herufi tatu. NZI.

Wiston na Celestini walitazamana. Kisha Celestini akamtazama mkewe usoni na kumwona nzi pembeni ya mdomo, anatembea polepole kuelekea puani. Alimfukuza kwa kiganja. Wote wawili wakaanza kucheka, Celestini akacheka mpaka akakaa sakafuni akifuta machozi, akasema, "Miaka yote hii, mke wangu! Nzi!"

Ilikuwa siku njema. Nyingine kama hiyo haikuja.

Siku za mbele Benedicta aliomba dirisha lifunguliwe, akauliza habari za mwalimu mwenzake, akasema uji una sukari nyingi mno. Celestini aliupunguzia sukari. Wiston alijaribu kuweka programu ya kuyasoma maneno kwa sauti, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha mgeni, na Benedicta akaandika TOA. Akaitoa. Kisha jioni moja, Celestini akiwa anamkunjia shuka miguuni, akaandika, INEZA YUKO WAPI.

"Si yuko kwa shangazi yake," Celestini alijibu kwa upole. "Kama ulivyokubali."

Mwanga ulishuka na kupita kwa muda mrefu. Wiston alikuwa amekaa mlangoni, akasimama kusoma.

SIKUKUBALI.

Celestini aliacha shuka. "Ulifumba macho. Tulikuwa wote hapa, Benedicta. Ulifumba."

Celestini alikuwa akihema kama aliyepanda mlima. Benedicta aliendelea, herufi kwa herufi, na hapakuwa na namna ya kumharakisha.

ALIKUWA MGONGONI TAYARI. NILIFUMBA NISIONE.

Wiston alimgeukia shemeji yake. "Mtoto alikuwa amekwisha fungwa mgongoni kwa shangazi yake mlipomuuliza?"

Celestini alichukua beseni la maji machafu akatoka nalo, na walimsikia akimwaga maji. Alirudi baadaye akamgeuza mkewe upande kama kawaida, akaweka mto mgongoni. "Nilikuuliza kwa moyo mweupe," alimwambia. "Ungetazama juu." Labda ilikuwa kweli. Labda hata yeye mwenyewe hakujua tena.

Benedicta hakunyamaza. Kila alipowekewa simu aliandika NIRUDISHIENI MTOTO, na kila aliyeingia kumjulia hali aliyakuta maneno hayo kwenye kioo. Maneno yakatembea. Mzee Privatus akaona aibu ya ukoo inazungushwa sokoni, akaitisha kikao.

Walikaa sebuleni kwa Celestini, ndugu wa upande wa mume wakiwa wamejaa kwenye viti na mikeka. Eustakia alikuja kutoka Biharamulo bila mtoto. Upande wa Benedicta alikuwepo Wiston peke yake. Walimtoa Benedicta chumbani wakamkalisha kwenye kiti, kichwa kikiegemezwa kwa kanga iliyokunjwa, simu na kompyuta zikiwa mbele yake.

"Shikamoo mzee," Wiston alisema.

"Marahaba, kijana. Sisi hatuna ugomvi na mtu. Tunataka kumsikia mke wetu. Lakini mbona naambiwa kitu chako kinaongea Kiswahili? Mke wa mtu anazungumza na ukoo kwa Kiswahili, kama yuko ofisini?"

"Ni herufi tu, mzee. Kihangaza chetu pia anaweza kuandika. Yeye amezoea kuandika Kiswahili, ni mwalimu."

"Haya. Tujaribu. Aandike jina la baba yake."

Wiston alitazama mlango uliokuwa wazi. Mawingu yalikuwa yakipita, na mwanga wa sebuleni ulipanda na kushuka. "Mzee, chumbani ndipo mashine ilipozoea. Hapa mwanga unabadilika."

"Ukweli nao unabadilika ukitoka chumbani?" mzee Privatus aliuliza, na watu wakacheka kidogo.

Benedicta aliandika. Watu walinyoosha shingo. Herufi zilikuja moja moja, na karibu na mwisho wingu likafunika jua. Kwenye kioo pakasomeka NIYOMUGAPO.

"Nani huyo?" alisema mzee Privatus. "Mimi baba yake nilimjua. Nilikunywa naye. Aliitwa Niyomugabo."

"Ni herufi moja, mzee. Mwanga umepungua, mashine ikachelewa kuona jicho."

"Kwa hiyo hukosea."

Wiston angeweza kusema haikosei. Wengi wanaouza mashine husema hivyo. Lakini kazi ile aliifanya kwa uaminifu, na alikuwa akiyaandika makosa yake yote ili ayapunguze. "Hukosea," alisema. "Katika herufi kumi, moja hivi. Kukiwa na mwanga mbaya, mbili. Lakini mkimwacha aandike tena na tena neno lile lile, na kila mara likatoka lile lile..."

"Umesikia, Celestini? Umesikia, Eustakia?" Mzee Privatus aliinua mkono. "Mwenye mashine mwenyewe amesema hukosea. Sasa mtu mzima na akili zake atamtoa mtoto nyumba moja na kumpeleka nyingine kwa neno la kitu kinachokosea?"

"Na shemeji hakosei?" Wiston alisimama. "Mashine yangu mmeipima mbele ya watu. Shemeji amepimwa lini? Miaka yote hii anasema 'anasema, anasema', nani aliyewahi kuuliza ni mara ngapi amekosea?"

Sebule nzima ilipiga kelele. Mwanamke mmoja mzee alimnyooshea kidole. "Kijana, huyu anamwogesha dada yako! Wewe umewahi kumsafisha hata siku moja?"

Wiston hakuwa amemsafisha hata siku moja. Isingefaa kaka kumsafisha dada. Wote walilijua hilo, na bado swali lilimkalisha.

Celestini alikuwa ameinamisha kichwa. Aliponyanyua uso, uso ulikuwa umelowa. "Mkitaka kusema nilidanganya, semeni," alisema. "Mimi nimekaa na macho haya kuliko kamera yoyote. Kama hayo niliyoyaona siyo, basi sijui nimekuwa nikiongea na nani."

Hapo wanawake kadhaa walianza kulia naye.

Eustakia alizungumza mwisho, bila kumtazama Benedicta. "Mtoto si kikapu, ukiweka leo hapa kesho pale. Analala kwangu, ananiita mama. Huyu atamnyanyua kwa mkono upi akilia?"

Wakati wote huo mwanga mdogo ulikuwa ukishuka na kupita kwenye kioo, na Benedicta alikuwa akiandika. Hakuna aliyeangalia ila Wiston. Aliandika NIMUONE TU KILA SIKU. Wiston akasoma kwa sauti. Mzee Privatus akasema kwamba hilo nalo linaweza kuwa na herufi yake iliyopotea.

Uamuzi ulikuwa mtoto abaki Biharamulo. Mashine hawakuikataza. Mzee Privatus alisema ni jambo la kheri kwa mgonjwa, kwa mambo ya mwili: maji, njaa, maumivu, kugeuzwa. Mambo ya ukoo yatakwenda kama yalivyokuwa.

Na ndivyo ilivyokuwa. Benedicta akiandika MAJI, alipewa maji. Akiandika KICHWA, alipewa dawa ya kichwa. Celestini alikuwa mwepesi kuliko mwanzo. Alisimamisha simu kila asubuhi, akafuta kioo kwa kitambaa safi, akachaji betri kwa sola. Herufi ikikosewa, MAJI ikatoka MAJO, alielewa. Akiandika INEZA, Celestini alisema mashine imechoka, akaizima kidogo.

Wiston alizidi kugombana na shemeji yake, kisha akaacha. Habari za kijana anayefundisha kamera kusoma macho zilikuwa zimefika mbali, na mwenye malori mmoja akamwita aende Lusahunga. Alitaka kamera ndogo ndani ya kila lori, imtazame dereva, ilie anaposinzia na kutuma taarifa kwa tajiri. Programu ilikuwa karibu ile ile. Wiston aliifunga kwenye malori yanayokwenda mpakani Rusumo, na haukupita muda mrefu dereva mmoja, Ngeleja, mtu mzima mwenye kope zilizolegea tangu utotoni, akaja kibandani kwake akilalamika kwamba kamera imemtaja kuwa alilala njia nzima.

Wiston alikwenda kwa tajiri. "Bosi, huyu hakulala. Kope zake ndivyo zilivyo. Mashine hukosea."

"Ngeleja ana sababu ya kudanganya," tajiri alisema. "Mashine ina sababu gani?"

Ngeleja alifukuzwa wiki hiyo hiyo. Wiston alitoka nje akasimama kando ya barabara, malori yakipita, akacheka peke yake mpaka muuza mahindi ya kuchoma akamuuliza kama anaumwa. Hakuacha kazi. Alihitaji kula.

Kwa hiyo alikuwa Lusahunga kwenye malori, si Ngara, Pasaka ile Eustakia alipokuja na Ineza.

Mtoto alikuwa amevaa gauni jipya la manjano na viatu vya kufunga. Alikuwa ameanza chekechea. Eustakia alikuwa amemzoesha adabu, na alipofika mlangoni alimpigia goti Celestini.

"Shikamoo mjomba."

Celestini alimshika mtoto kichwani. Kaka wa mama ndiye mjomba, na mtoto alikuwa akihesabu vizuri kwa hesabu aliyopewa. "Marahaba," alisema. "Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

Walimwingiza chumbani. Ineza alimtazama yule mwanamke kitandani, akamwamkia, akangoja aitikiwe. Hakuitikiwa. Akarudi nyuma, akashika gauni la Eustakia.

"Mbona hasemi?"

"Anaumwa," Eustakia alisema.

"Anaandika pale," Celestini alisema kwa sauti ya chini, akionyesha kompyuta. Pengine alitaka tu kusema kitu. Mtoto akasogea kutazama. Mwanga ulishuka, ukasimama, ukapita, na herufi zikaanza kutoka. Ineza alikuwa akijifunza silabi shuleni, akachangamka kuona kitu anachokijua.

"Ma," alisoma, akiweka kidole kwenye kioo. Akangoja. "Ma! Mama! Mama, kaandika mama!"

Alikuwa amemgeukia Eustakia.

Eustakia aliangalia kioo. Herufi zilikuwa bado zinakuja, na yeye kusoma alijua: MAMA NI MI. Alimshika mtoto bega, akamgeuza taratibu.

"Ndiyo," alisema. "Ananisalimia mimi. Ananiita mama yako."

"Anakujua?"

"Ananijua sana. Twende tukale."

Celestini naye alikuwa amesoma. Herufi ya mwisho iliingia, kisha ikafuata nyingine, na nyingine. Alifungua mdomo. Eustakia alimtazama kaka yake machoni, kichwa cha mtoto kikiwa kimeegemea nguo yake, na Celestini akafunga mdomo, akasema, "Nendeni, chakula kinapoa."

Wakaenda. Kutoka sebuleni ilisikika sauti ya sahani, na Ineza akiuliza kama baada ya kula anaweza kuwaona mbuzi, na kila mtu akimwambia ndiyo.

Celestini alibaki amesimama. Kwenye kioo palikuwa pameandikwa MAMA NI MIMI INEZA. Benedicta hakumngoja aseme kitu. Mwanga ulipofika kwenye alama ya kufuta alipandisha macho, akaifuta sentensi herufi kwa herufi mpaka kioo kikawa cheupe. Kisha akaandika, na safari hii mashine haikukosea hata herufi moja.

NIGEUZE UKUTANI.

Celestini aliingiza mkono mmoja chini ya bega na mwingine chini ya nyonga, kama alivyozoea, akamgeuza polepole asimuumize, akaweka mto mgongoni. Simu ilibaki pale kwenye kigoda, taa yake ikiwaka, ikitazama nywele za Benedicta.